Mwanafunzi Aliyesimama Kando: Historia ya "My Fair Lady" Jukwaani

Miongoni mwa michezo ya kuigiza yenye nyimbo, ni michache imhusuyo mwalimu wa lugha kama huu uitwao "My Fair Lady". Mchezo huo ulifunguliwa mjini New York tarehe 15 Machi 1956, ukachezwa mara 2,717 hadi mwaka 1962. Maneno yake yalitungwa na Alan Jay Lerner, na muziki wake na Frederick Loewe. Lakini kisa chenyewe ni cha zamani zaidi, nacho kimebeba swali ambalo kila aliyepata kushika chaki hana budi kulijibu: mwanafunzi akishaelimika, ni wa nani?

Kisa hicho alikitunga George Bernard Shaw, mwandishi mzaliwa wa Ireland, katika tamthilia yake "Pygmalion", iliyochezwa kwanza Vienna kwa Kijerumani mwaka 1913, kisha London mwaka 1914. Eliza Doolittle, msichana maskini auzaye maua Covent Garden, huzungumza kwa lafudhi ya watu wa hali ya chini. Profesa Higgins, bingwa wa fonetiki, anajigamba kwamba baada ya miezi 6 ataweza kumpeleka binti huyo mbele ya wakubwa, nao wakadhani ni mwenzao. Yafaa tukumbuke jambo linalosahauliwa na wengi. Eliza alikwenda mwenyewe nyumbani kwa profesa kuomba masomo, tena akataka kulipa karo ya shilingi 1, kwa kuwa alitamani kuajiriwa katika duka la maua. Alikuwa na haja yake mwenyewe.

Shaw alikusudia Eliza aondoke zake mwishoni. Hata hivyo, mwaka 1914, Herbert Beerbohm Tree, aliyeigiza Higgins, alimrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watazamaji wadhani kuwa wawili hao wanapendana. Shaw alikasirika. Mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu mwishoni mwa kitabu, akieleza kuwa Eliza aliolewa na kijana Freddy, wakafungua duka la maua. Haikusaidia, filamu ya mwaka 1938 ilimrudisha Eliza kwa profesa. Shaw alikataa "Pygmalion" isigeuzwe kuwa mchezo wa nyimbo, lakini alifariki mwaka 1950. Lerner na Loewe walipouandika mchezo wao, walifuata mwisho wa filamu: Eliza anarudi, na mwalimu wake, badala ya kumshukuru, anauliza sapatu zake ziko wapi.

Sisi tuliujua mchezo huu kwa filamu ya mwaka 1964. Tulipobahatika kuutazama jukwaani kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Coliseum, London, mwaka 2022, tuliona jambo ambalo filamu ilikuwa haijatuonyesha vema. Katika filamu, kamera humchagulia mtazamaji cha kutazama; jukwaani kila mtu hutazama apendapo. Usiku wa ushindi, baada ya dansi ya ubalozini, Higgins na rafiki yake Kanali Pickering wanapongezana kwa wimbo, na watumishi wa nyumba wanaitikia. Watazamaji walifurahi. Macho yetu yalikuwa kwa Eliza, aliyeigizwa na Amara Okereke, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Alikuwa amesimama kando, kimya. Ni yeye aliyejazwa gololi mdomoni, ni yeye aliyerudia sauti moja mbele ya mwali wa moto mpaka usiku wa manane. Wala hakuna aliyemwambia hongera.

Mwongozaji Bartlett Sher, aliyeanza kuuonyesha mchezo huu New York mwaka 2018, aliyaacha maneno ya mwisho kama yalivyo, akabadili mwendo tu. Swali la sapatu linaulizwa, na Eliza anaondoka. Alilolitaka Shaw likatimia baada ya zaidi ya miaka 100.

Nasi tunaofundisha mbali na pwani tuna kazi inayokaribia ile ya Higgins. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Mtoto wa Buyenzi mjini Bujumbura, au wa Lubumbashi, huingia darasani na Kiswahili cha kwao, na wa Kampala huja na matamshi ya Kiganda. Kumfundisha Kiswahili sanifu ni wajibu wetu, maana mtihani hauna huruma. Kumcheka si sehemu ya wajibu huo. Eliza mwenyewe anaeleza kwamba heshima yake ilianza siku Pickering alipomwita Bi. Doolittle, angali amevaa matambara. Matamshi aliyapata kwa Higgins. Thamani yake aliionea kwa yule aliyemwita kwa adabu.

Karibu na mwisho, Eliza anatishia kwamba yeye naye atafundisha fonetiki. Higgins anaghadhibika, ilhali mwalimu mwingine angeshangilia. Tungewashauri walimu wenzetu wawasimulie wanafunzi usiku ule wa dansi, kisha wawape insha moja: waueleze usiku huo kwa kinywa cha Eliza. Tena waachwe waanze kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na usanifu ufuate.