Ushirika wa Kahawa wa Bugufi
Ushirika wa Kahawa wa Bugufi ulikuwa chama cha wakulima wa Bugufi, eneo la Wahangaza katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, Tanzania. Ulianzishwa mwaka 1936, miaka 4 tu baada ya Tanganyika kupata sheria ya ushirika, hivyo ni kati ya vyama vya kwanza nchini.

Mkulima mwenye magunia mawili hana nguvu mbele ya mnunuzi. Wengi wakikusanya kahawa yao pamoja, wanaweza kujadiliana bei. Hata hivyo umoja huo ulitegemea siasa. Mwaka 1975 sheria ilikabidhi vijiji kazi za vyama vya msingi, na mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu viundwe upya.