Sheria ya Msamaria Mwema (Italia)

Msamaria Mwema ni lakabu ambayo Waitalia wameipa Sheria namba 155 ya tarehe 25 Juni 2003, iliyoruhusu chakula kilichosalia majikoni mwa shule, hospitali, viwanda na hoteli kiwafikie mafukara badala ya kuishia jaani. Sheria yenyewe ni kifungu kimoja tu.

Kabla yake, mpishi wa kantini aliyebakiwa na sinia nzima ya makaroni yasiyoguswa alikuwa ama ayamwage, ama ayatoe sadaka huku akijua kwamba, endapo mlaji angedhurika, daawa ingeweza kumrudia yeye hata kama chakula kiliharibikia mikononi mwa wengine. Na kwa kuwa hakuna msimamizi apendaye kupandishwa kizimbani kwa sababu ya ihsani, chakula kikamwagwa. Kilichopungua basi hakikuwa huruma, bali himaya ya kanuni. Sheria ikatamka kwamba jumuiya za hisani zigawazo chakula bure zihesabiwe kama mlaji wa mwisho katika mambo ya hifadhi, uchukuzi na matumizi yake, hata dhamana ya mtoaji ikaishia pale anapokabidhi.

Mwaka huohuo, mjini Milano, Banco Alimentare, jumuiya iliyoasisiwa 1989, ilianzisha mpango uitwao Siticibo wa kukusanya masazo hayo. Makombo ya sahanini hayachukuliwi, na ni haki yasichukuliwe, maana ufukara haumvui mtu hadhi yake. Hutolewa kile tu ambacho hakijapakuliwa. Kilichopikwa sharti kipozwe upesi kwa mashine na kisafirishwe katika ubaridi, kwani vijidudu huzaana kwa kasi baina ya digrii 5 na 60, na saa chache za uzembe zaweza kuigeuza sadaka kuwa sumu. Kwa hiyo kutoka shuleni huchukuliwa hasa mkate na matunda, ambavyo watoto huviacha kwa wingi na havihitaji mashine yoyote, vikapelekwa katika makazi na majiko ya wahitaji yaliyo jirani.

Sheria namba 166 ya tarehe 19 Agosti 2016, inayonasibishwa na mbunge Maria Chiara Gadda, ilipunguza makaratasi na kuziruhusu halmashauri za miji kumpunguzia mtoaji ushuru wa taka kwa kadiri ya alichotoa. Ufaransa, mwezi Februari mwaka huo, ilikuwa imefuata njia ya amri, ikiyalazimisha maduka ya chakula yazidiyo meta 400 za mraba kufunga mapatano na jumuiya za hisani. Njia ya Italia ni ya upole zaidi, walakini ina dosari yake: jiko linalobakiza masinia kila siku limekosea hesabu ya walaji wake, na kwa jiko kama hilo nafuu ya ushuru si dawa, lipunguze kwanza kipimo cha chungu.