"Atahukumiwa Kifo": Historia ya Neno Moja Kortini

Sheria ya Kenya kuhusu adhabu ya mauaji ni fupi kuliko stetasi ya WhatsApp. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepatikana na hatia atahukumiwa kifo. Atahukumiwa, si anaweza kuhukumiwa. Kwa miaka mingi majaji walilisoma neno hilo vile lilivyo. Maisha yako, mambo yalivyotokea usiku ule: hakuna kilichoweza kubadilisha adhabu.

Na huku Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987! Majaji walitoa hukumu ambayo haikutekelezwa, gereza likajaa, Ikulu ikapunguza. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwaondolea kitanzi wafungwa zaidi ya 4,000, wakabaki na kifungo cha maisha.

Nimekuwa nikisoma maamuzi haya moja baada ya lingine na kusema kweli ni kama kutazama ngumi. Julai 2010, katika kesi ya Mutiso, Mahakama ya Rufaa ilisema sheria haiwezi kumfunga jaji mikono hivyo. Mwaka 2013, katika kesi ya Mwaura, majaji 5 wa mahakama hiyo hiyo wakageuka: Bunge limeandika atahukumiwa, basi ni atahukumiwa. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Muruatetu. Adhabu ya kifo ilibaki, lakini kumlazimisha jaji kuitoa kukawa kinyume cha Katiba, kwani mshtakiwa ana haki ya kusikizwa kabla ya adhabu pia.

Hapo ndipo wasee wa wizi wa mabavu waliposhtuka. Kifungu chao, cha 296(2), kina neno lile lile. Tena kina "au": ukiwa na silaha, au ukiwa na mwenzako, au ukimjeruhi mtu. Korti zimeshikilia kwamba moja tu inatosha. Yaani wawili wakimpora mtu simu kwa nguvu, bila hata kisu, wanaweza kuangukia kifo. Walirudi kortini wakiwa na Muruatetu mkononi, na wengi wakapunguziwa.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafunga mlango. Muruatetu ni ya mauaji peke yake, ikasema. Mwenye kupinga kifungu kingine aanzie Mahakama Kuu na apande ngazi. Naielewa hoja hiyo. Korti huamua kesi iliyo mbele yake, na jaji si mbunge. Lakini angalia kilichobaki: aliyeua anasikizwa, aliyepora hasikizwi. Na kati ya waporaji wawili wenye kosa sawa, aliyewahi kabla ya Julai 2021 alipata miaka ya kuhesabu, aliyechelewa akabaki na kifo. Hiyo kwangu si tafsiri ya sheria, ni bahati ya kalenda.

Julai 2024 mahakama hiyo ikarudia msimamo wake katika kesi ya unajisi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imepunguza miaka 20 ikawa 15, ikiegemea mawazo ya Muruatetu. Mahakama ya Juu ikairudisha 20: kiwango cha chini kimewekwa na Bunge, na hakuna aliyekuwa amekipinga kwa njia inayofaa kuanzia Mahakama Kuu.