Kopo moja kwa wote: historia ya soko yetu

Ndugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu, mara nyingi mnatuuliza: hii soko ilianza namna gani? Tujibu, maana mizizi yake ni ya zamani kupita chama chetu.

Watu wa ziwa Tanganyika walijua kuuziana tangu zamani. Katika miaka ya 1870 soko ya Ujiji, ng'ambo, ilikusanya watu wa kila upande. Stanley alipopita pale mwaka 1876, aliandika kwamba chuma kilitoka Uvira, kwetu huku. Feza yao ilikuwa ushanga wenye uliitwa sofi. Mjiji hakuwa ndugu ya Mvira, lakini wote walihesabu ushanga ule ule. Njo maana waliweza kuuziana.

Mwaka 1996 vita ilitukimbiza. Tulivuka ziwa, tukaingia makambi ya Kigoma: Nyarugusu, Lugufu. Posho ilikuwa bunga na maharagi, na mtoto anachoka nayo. Ba mama wakapeleka bunga kwa wanakijiji Watanzania, wakarudi na sombe ao ndagala. Pale tulijifunza: hauna shamba, hauna feza, lakini ukiwa na kipimo chenye mwenzako anaamini, utakula.

Kuanzia 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli, toka Kigoma mpaka Baraka. Tulilima. Mavuno ya kwanza yalipofika, ugomvi ulifika nayo. Wenye walibaki walikuwa na kopo yao ya kupimia. Sisi tulikuja na zetu, ndogo. Wanunuzi wa mitumbwi nao walileta kopo kubwa, zingine zimegongwa chini ili zimeze zaidi. Kila siku ya soko ni kelele: "Ninyi wa Tanzania ni wezi!" Na sisi tulijibu maneno yenye hatupendi kukumbuka. Mashamba yalikuwa tayari yanatugombanisha. Sasa na kopo.

Wazee walituketisha. Tukakubaliana kopo ya namna moja, yenye alama nyekundu. Komite ikawa nusu kwa nusu: mama mwenye alibaki anachunga kopo, mama mwenye alirudi anachunga daftari. Jioni hesabu inasomwa kwa sauti, kila mtu asikie. Na bei tunaipanga asubuhi, mbele mitumbwi ifike, kwa sababu mnunuzi akipata kila mtu peke yake, anamvunja.

Msimu mmoja mtu wa komite aliuza muhogo usiku, chini ya bei. Alikuwa wa kwetu, tulikula naye posho kambini. Wengi walisema tumufiche. Tulimutoa, akalipa faini mbele ya wote. Iliuma sana. Lakini tangu siku ile, wenye walibaki waliacha kutuita wageni sokoni.

Wafadhili wetu, kazi ingali. Mvua ikinyesha, muhogo mukavu unalowa, unaota ukungu, na bei inaanguka. Miti tuko nayo, mikono tuko nayo; mabati njo hatuna. Na ninyi wanamemba, zamu ya kufagia soko isikimbiwe. Kopo moja haitoshi kama uwanja ni muchafu.