Chuma, Mpira Mzito na Tyubu ya Baiskeli: Historia Fupi ya Bega la Mchezaji wa Tenisi

Swali la insha hii lilianzia kwenye bega la dada yangu, binti wa baba mdogo, huko Nakivale. Ana miaka 15, na anacheza tenisi kwenye uwanja wa udongo ambao wavu wake ni kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Niliporudi likizo kutoka Mbarara, ninakosoma, nilimtengenezea chuma cha mazoezi: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Nilimwambia akinyanyue kila asubuhi, kisha apige pushapu hadi achoke. Baada ya wiki sita mikono yake ilikuwa imejaa, lakini sevu yake haikuongezeka kasi, na bega la kulia lilimuuma kila alipoinua raketi. Baba mdogo aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hayo umeyasoma wapi?" Sikuwa na jibu. Niliyaona kwa vijana wa mtaani, nao waliyaona kwa wengine.

Insha hii ni jibu langu lililochelewa. Nitalinganisha njia tatu za kuimarisha sehemu ya juu ya mwili kwa ajili ya tenisi: kunyanyua vyuma, kurusha mpira mzito, na kuvuta mpira unaonyumbuka. Dai langu ni kwamba njia hizi hazikuzaliwa kama washindani. Kila moja ilikuja kujaza pengo lililoachwa na nyingine, na kosa langu lilikuwa kuchukua kipande kimoja cha historia nikadhani ndiyo historia yote.

Tuanze na mchezo wenyewe. Tenisi ya kisasa ilisajiliwa Uingereza na Walter Clopton Wingfield mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalichezwa mwaka 1877. Ulikuwa mchezo wa watu wenye bustani. Walikuja nao Afrika Mashariki maofisa wa kikoloni, wakajenga viwanja katika klabu zao. Mwafrika aliingia humo kwanza kama mwokota mipira. Baba mdogo ni mmoja wa waliojifunza kwa njia hiyo, miaka mingi baada ya uhuru, kwenye klabu moja ya Bujumbura: aliokota mipira mchana, na jioni wenye uwanja wakiondoka alicheza kwa raketi ya kuazima. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka, alivuka mpaka na familia yake hadi Nakivale, makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Raketi moja ilikuja naye.

Kwa muda mrefu wachezaji wa tenisi waliogopa vyuma. Iliaminika kwamba misuli mikubwa humfanya mtu awe mzito na mgumu wa viungo. Waaustralia ndio walioivunja imani hiyo mapema zaidi. Harry Hopman, nahodha wao katika Kombe la Davis, aliwakimbiza na kuwachosha wachezaji wake kuliko ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Frank Sedgman, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1952, alifanya mazoezi ya vyuma kwa Stan Nicholes mjini Melbourne. Margaret Court, aliyefikisha mataji 24 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, alipita mikononi mwa mwalimu huyohuyo. Kisha akaja Martina Navratilova, ambaye katika miaka ya 1980 aliufanya mwili wenyewe kuwa sehemu ya mpango wa mchezo: mwaka 1983 alipoteza mechi moja tu.

Ushahidi wa watafiti uliwafuata wachezaji. Mwaka 2003 William Kraemer na wenzake walichapisha matokeo ya miezi 9 ya mazoezi ya vyuma kwa wanawake wanaocheza tenisi vyuoni Marekani. Waliopangiwa mazoezi yanayobadilika kwa vipindi, uzito na idadi vikipanda na kushuka, waliongeza kasi ya sevu kuliko waliorudia mazoezi yaleyale kila mara. Hapa niliona kosa langu la kwanza. Dada yangu alinyanyua uzito uleule, idadi ileile, siku zote. Chuma hakikuwa na hatia. Aliyekosa mpango ni mimi.

Njia ya pili ni kurusha. Mpira mzito wa mazoezi ni kifaa cha zamani sana, lakini maana yake ilibadilika katika karne ya 20. Katika miaka ya 1960 mwalimu wa riadha wa Kisovieti, Yuri Verkhoshansky, alionyesha kwamba msuli unaonyooshwa ghafla kisha kukaza papo hapo hutoa nguvu nyingi zaidi kwa muda mfupi. Wamarekani waliichukua fikra hiyo, na mwaka 1975 kocha Fred Wilt akaipa jina linalotumika hadi leo, plaiometriki. Kwa mchezaji wa tenisi faida yake ni dhahiri. Anayenyanyua chuma hulazimika kukipunguza mwendo mwishoni, kisije kikamtoka mkononi. Anayerusha mpira huuachia ukiwa katika kasi yake kubwa kabisa, kama raketi inavyokutana na mpira. Tena mrushaji hutumia mwili mzima: zaidi ya nusu ya nguvu ya sevu hutoka miguuni, nyongani na kiunoni, na mkono huipokea na kuipeleka mbele. Kumfundisha mtu sevu kwa mikono peke yake ni kama kumfundisha kulima akiwa ameketi.

Njia ya tatu ilitoka kwa watu waliotibu viungo. Bega la mchezaji lina kazi mbili zinazopingana. Misuli ya mbele, ya kifua na ile inayouzungusha mkono kwa ndani, huusukuma mkono kwa kasi. Misuli midogo ya nyuma ya bega huufunga breki. Kila sevu huikuza ile ya mbele, na breki hubaki dhaifu. Mikanda ya mpira, iliyoanza kuuzwa Marekani kwa wataalamu wa tiba ya viungo mwishoni mwa miaka ya 1970, iliwezesha kuizoeza misuli hiyo midogo taratibu, bila uzito mkubwa. Mwaka 1998 Treiber na wenzake walionyesha kwamba wiki 4 za mikanda pamoja na vyuma vyepesi ziliongeza kasi ya sevu kwa wachezaji wa chuo. Yaani kifaa cha kutibu kiligeuka kuwa kifaa cha kushindia.

Nilipomleta dada yangu Mbarara kwa mtaalamu wa viungo, historia hii yote ilisimama mbele yangu. Mtaalamu alimshika mkono, akamwambia asukume, kisha avute nje. Kusukuma alikuwa simba. Kuvuta nje, mkono ulianguka. Pushapu na chuma changu vilikuwa vimeongeza mafuta kwenye injini ya gari lisilo na breki.

Je, ipi ni bora? Kwa kasi ya muda mfupi, kurusha ndiko kunakofanana zaidi na sevu. Kwa nguvu ya msingi, hakuna kilichokipita chuma, mradi kipangwe. Kwa kulinda bega, mpira unaonyumbuka hutangulia. Anayeanza akiwa kijana, bila mwalimu karibu, naona aanze na wa mwisho, aongeze wa kurusha, na chuma kije baadaye. Ni kinyume cha nilivyofanya, na karibu ni kinyume cha mfuatano niliousimulia hapa.

Sasa dada yangu anavuta vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyofungwa kwenye mti. Anarusha mpira wa kikapu wa zamani tuliousindilia mchanga. Mizani ya duka ilisema kilo 2. Hatuna mashine ya kupimia kasi. Tunaweka alama pale sevu inapodunda mara ya pili, na alama inasogea nyuma polepole. Maumivu yamepungua. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa kisayansi, kwa sababu pia alipumzika na pia anakua.

Msomaji anaweza kuniuliza kama siupambi umaskini, kwa kusema kwamba tyubu inatosha. Haitoshi. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alishinda taji la wasichana wawiliwawili Wimbledon mwaka 2022. Sada Nahimana wa Burundi alifika kwenye mashindano makubwa ya vijana kabla yake. Mazoezi waliyafanya, lakini walikuwa pia na viwanja, walimu na nafasi ya kusafiri kwenda kushindana. Okutoyi alipitia kituo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa jijini Nairobi. Msichana wa Nakivale, hata bega lake likiwa zima, anahitaji hati ya kusafiria kabla ya kuvuka mpaka mmoja, na kabla ya hati anahitaji mtu wa kumwandikisha kwenye mashindano.

Historia ya mazoezi ya bega, kwa hiyo, ni historia ya maarifa yaliyozidi kuwa rahisi kupatikana: kutoka chumba cha vyuma cha Melbourne hadi kipande cha mpira wa baiskeli. Historia ya viwanja haikwenda kwa mwendo huo. Baba mdogo aliposikia hitimisho hili alitikisa kichwa, akasema: "Basi umesoma. Sasa mtafutie mechi." Nimewaandikia vijana wa klabu moja ya Mbarara kuomba waje wacheze naye Jumamosi moja. Nasubiri jibu.