Riveti: Kichwa kidogo kinachoshikilia ngozi ya ndege

NDEGE ndogo inapotua katika uwanja wa Kerenga, Kericho, anayeikaribia hubaini kwamba mabawa yake yamejaa vidoti vilivyopangwa mstari kwa mstari. Hivyo ni vichwa vya riveti, vipande vya alumini vinavyounganisha mabati ya ndege na mifupa yake.

Katika ndege nyingi ndogo, vichwa hivyo hutokeza nje. Katika ndege ziendazo kwa kasi kubwa hulazwa hadi vikawa sawa na bati, kwa kuwa kila kinachotokeza huvuruga mkondo wa hewa na kuongeza matumizi ya mafuta.

Tundu kwanza

Fundi hutoboa tundu kwa keekee, akaondoa ncha kali, kisha akaupanua mdomo wake kama faneli ili kichwa cha riveti, ambacho aghalabu kina pembe ya nyuzi 100, kikae humo.

Hapa ndipo penye hatari. Bati likiwa jembamba kuliko kimo cha kichwa, upanuzi huo hupenya hadi upande wa pili na kuacha ukingo mkali kama wembe. Bati la namna hiyo halichongwi. Hubonyezwa kwa kifaa maalumu ili lifanye kishimo bila kupunguzwa unene.

Kisha mafundi wawili hushirikiana. Mmoja hupiga kichwa kwa nyundo ya upepo; mwenzake, upande wa ndani, huukinga mkia kwa kipande cha chuma kizito hadi utandazike. Mkia wa riveti yenye kipenyo cha milimita 3.2 hutarajiwa kufikia upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6 hivi.

Kunyoa

Kichwa kikibaki kimetokeza kidogo, hunyolewa kwa mashine yenye kisu kinachozunguka kwa kasi na kilichowekewa mpaka wa kina. Kisu hakipaswi kugusa bati, maana mabati mengi ya ndege hufunikwa kwa tabaka jembamba la alumini safi linalozuia kutu. Katika maeneo ya mvua nyingi kama Kericho na Bomet, mkwaruzo ni mlango wa kutu.

Hata hivyo, kunyoa hakuponyi tundu lililochongwa vibaya. Kichwa kilichozama hakinyanyuliwi kwa kisu. Riveti hutolewa na tundu hukaguliwa upya.

Funzo la ajali

Mei 2, 1952, ndege ya Comet, G-ALYP, ilianza safari ya London hadi Johannesburg kupitia Entebbe, Uganda, ikiwa ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Januari 10, 1954, ndege iyo hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 wakafa. Uchunguzi ulibaini kuwa metali yake ilichoka, ufa ukaanzia kwenye tundu la kufungia karibu na kona ya dirisha la paani.

Aprili 28, 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka sehemu ya paa ikiwa angani na mhudumu mmoja akafa. Gundi iliyounganisha mabati ilikuwa imeachia, mzigo ukahamia kwenye riveti, na nyufa zikaanzia kwenye kingo kali za matundu yaliyopanuliwa.

Rangi ikishapakwa, kingo hizo hazionekani tena. Ndiyo maana kina cha tundu hupimwa kabla ya riveti kuingizwa, wala si baada ya kunyolewa.