Kidonge cha Usiku na Tumbo la Asubuhi

Kemikali inayoguswa na dawa nyingi za sonona ilipatikana utumboni kabla ya kuonekana kwenye ubongo. Nimetoa dawa dirishani, hapa Tanga, sehemu kubwa ya maisha yangu, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mgonjwa wa tumbo anayemeza dawa hizi alijue. Wengi huamini kwamba choo kikifunga au tumbo likichafuka, basi dawa imepotea njia. Wanaiacha kimya kimya. Wiki chache baadaye unamwona mtu amerudi kwenye giza lake, na tumbo bado linamsumbua.

Miaka ya 1930, kule Pavia nchini Italia, Vittorio Erspamer alikuwa akichunguza seli za ukuta wa utumbo. Akapata humo kitu kinachofanya misuli ijikaze, akakiita enteramini. Mwaka 1948, Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walikuwa wakitafuta kile kinachobana mishipa ya damu. Wakakitenga kutoka kwenye damu na kukipa jina la serotonini. Mwaka 1952 ikathibitika kwamba kitu ni kile kile. Mwaka uliofuata Betty Twarog, akifanya kazi na Page, akaonyesha kwamba kimo pia kwenye ubongo wa wanyama. Leo tunajua kuwa takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo utumboni, ambako hushiriki kazi ya kusukuma chakula. Sehemu ya ubongo ni ndogo mno.

Dawa zenyewe hazikusubiri ugunduzi huo. Zilitokea wodi za kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyoko Staten Island, New York, wagonjwa walijaribiwa kwa dawa mbili za ukoo mmoja, isoniazidi na iproniazidi. Isoniazidi kila mhudumu wa kifua kikuu Tanzania anaijua, maana tunaitoa mpaka leo. Iproniazidi ilileta jambo jingine: watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa walichangamka, wakapata hamu ya kula, wakacheza wodini. Kufikia 1957 Nathan Kline na wenzake walikuwa wakiitoa kwa wagonjwa wa sonona.

Iproniazidi na dawa za kundi lake zilizoifuata huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na kemikali za jamii yake. Kimeng'enya hicho kimo kwenye ubongo, lakini kimo pia kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini, ambako kinalinda mlango. Jibini iliyokomaa ina tiramini, kitu kinachoweza kupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na kwa kawaida kimeng'enya hukimaliza kabla hakijaingia mwilini. Mlinzi akizuiwa, tiramini hupita. Wagonjwa walikuwa wakishikwa na maumivu makali ya kichwa, wengine wakivuja damu kwenye ubongo, na madaktari hawakujua sababu.

Aliyeshtuka alikuwa mfamasia. Jina lake Rowe, wa Nottingham, Uingereza. Mke wake alikuwa akitumia dawa ya aina hiyo, na mara mbili alishikwa na kichwa baada ya kula jibini. Rowe alimwandikia Barry Blackwell, daktari kijana wa hospitali ya Maudsley, London, aliyekuwa amechapisha barua kuhusu maumivu hayo. Mwanzoni Blackwell na wenzake waliona kama kichekesho. Kisha wakafuatilia, na mwaka 1963 habari ya jibini ikachapishwa katika jarida la The Lancet. Nampenda sana mtu huyu ambaye sikupata kumwona. Alimsikiliza mkewe, akakumbuka walichokula mezani, akaandika barua. Kila ninapomfundisha kijana mpya dirishani ninamweleza habari za Rowe, kisha namwambia: muulize mgonjwa anakula nini, na anakula saa ngapi.

Ukoo wa pili ulizaliwa Münsterlingen, Uswisi, kando ya ziwa Constance. Roland Kuhn alianza kumpa mgonjwa wa sonona imipramini mwaka 1956, na mwaka uliofuata akachapisha alichokiona. Ndugu yake, amitriptilini, iliingia sokoni Marekani mwaka 1961, na 1977 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Hivyo ndivyo ilivyofika mpaka kwetu: makopo ya vidonge elfu moja, vya miligramu 25, tunavihesabu na kuvitia kwenye bahasha za karatasi, tunaandika "1 usiku".

Amitriptilini huzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru utumbo usogee na mate yatoke. Kwa hiyo mdomo hukauka na choo hufunga. Mama mmoja wa makamo aliwahi kuniinamia dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kile kidonge cha usiku kinanipa usingizi, lakini tumbo limekuwa jiwe." Nikamsogeza pembeni, nikamsalimu upya, tukaongea. Alikuwa ameongeza tembe za kiungulia, akapunguza kunywa maji kwa sababu ya safari za sokoni, na jirani alimpa Flagyl "kusafisha". Tuliacha kile cha jirani, tukazungumzia maji, mboga za majani na kunde, nikamrudisha kwa daktari wake na karatasi yenye maelezo yote. Daktari alipunguza dozi. Mama yule hakuiacha dawa.

Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 1987, ilikuja na shida za upande wa pili: kichefuchefu, tumbo kukoroga, kuharisha. Sertralini, ya 1991, huharisha zaidi. Serotonini inaongezeka na utumbo unaisikia kwanza. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya wiki chache, na kumeza dawa pamoja na chakula husaidia. Nasikitika kwamba neno hili dogo halisemwi siku ya kwanza, kwa kuwa siku hiyo ndiyo mgonjwa anaamua kama ataendelea.

Kuna jambo zito zaidi ya kuharisha. Chembe za damu zinazogandisha hubeba serotonini, na dawa hizi huzinyima. Mwaka 1999 utafiti wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, uliochapishwa na jarida la BMJ, ulionyesha kwamba watumiaji wa dawa za kundi la fluoksetini walikuwa na hatari mara tatu hivi ya kuvuja damu tumboni, na ikapanda sana walipochanganya na dawa za maumivu kama diklofenaki. Hapa kwetu diklofenaki hununuliwa kama peremende. Mtu anaumwa mgongo, ana historia ya vidonda vya tumbo, anatumia fluoksetini, na hakuna anayemuuliza. Choo kikiwa cheusi kama lami, huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hata dawa ya kutuliza asidi ina neno lake. Omeprazoli hupunguza kasi ya ini kuivunja sitalopramu, dawa ya kundi la fluoksetini, nayo ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka wazi mwaka 2012 kwamba wanaozichanganya wasivuke miligramu 20 za sitalopramu kwa siku.

Mwaka 2023 The Lancet ilichapisha utafiti wa Uingereza uitwao ATLANTIS. Watu 463 wenye utumbo usiotulia, wale wanaoumwa tumbo na kubadilika choo miaka nenda rudi bila kidonda kuonekana, walipewa amitriptilini au kidonge kisicho na dawa. Dozi ilikuwa miligramu 10 hadi 30, chini kabisa ya ile ya sonona, na wagonjwa wenyewe walipewa mwongozo wa kuipandisha au kuishusha kulingana na tumbo lao. Waliotumia amitriptilini walipata nafuu zaidi. Dirishani kwetu kidonge kidogo tulichonacho ni cha 25, kwa hiyo daktari akiandika dozi hiyo tunakata nusu, na swali linalofuata karibu kila mara ni kama dawa hii ni ya wendawazimu. Najibu kwamba ni ya mishipa ya fahamu, na utumbo una mishipa hiyo mingi, kisha naandika kwenye bahasha: "½ usiku, rudi baada ya wiki mbili, usiache ghafla."